Kwa nini wanaohesabu gorila wa Kahuzi-Biega huhesabu malalo, na si gorila wenyewe?

Katika Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, ambayo kituo chake kikuu cha Tshivanga kiko kiasi cha kilomita 30 kutoka Bukavu, wanaishi gorila wa Grauer, jamii isiyopatikana popote duniani isipokuwa mashariki mwa Kongo. Katikati ya miaka ya 1990 gorila hao, ndani na nje ya hifadhi, walikadiriwa kuwa 16,900. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba wamebaki 3,800 tu, na mwaka 2021 makadirio mapya yakapandisha idadi hiyo hadi 6,800. Mkazi wa Bukavu anayesikia tarakimu hizi redioni ana haki ya kuuliza ni nani aliyewaona gorila wote hao. Hakuna aliyewaona. Sehemu kubwa ya gorila waliomo katika hesabu hizo hawajawahi kuonwa na mhesabuji yeyote. Kilichoonwa ni mahali walipolala.

Yapo makundi machache yaliyozoeshwa watu, kama lile lililoongozwa na dume mashuhuri Chimanuka, na hayo huhesabiwa kwa macho, kwa sababu wapisteri, yaani wafuata nyayo, wanaoyafuatilia humtambua kila mmoja kwa mikunjo ya pua yake, ambayo hutofautiana kati ya gorila na gorila. Lakini gorila wa msituni asiyezoea watu humsikia binadamu mapema, kisha huondoka kimyakimya au dume hubaki nyuma akitishia ili majike na watoto wapate nafasi ya kutoroka. Na hata asipokimbia, uoto wa Kahuzi ni mnene kiasi kwamba mnyama mwenye uzito wa zaidi ya kilo 150 aweza kukaa hatua kumi kutoka kwako usimwone. Kumwendea kwa nguvu ni kumtia hofu na kumhatarisha, maana mafua ya kawaida ya binadamu humwambukiza gorila na yaweza kumuua.

Lalo, kwa upande wake, halikimbii. Kila jioni gorila aliyekwisha kuachishwa ziwa hujitengenezea lalo jipya kwa kukunja na kukandamiza majani, matete na matawi kumzunguka, mara nyingi ardhini, na asubuhi huliacha asirudi tena. Mtoto anayenyonya hulala na mama yake. Sokwe mtu, ambaye naye yumo katika msitu huohuo, hulala juu ya miti, na kwa kuwa gorila pia mara mojamoja hupanda mti kulala, fundi wa utafiti hatosheki na kutazama juu au chini: huinama akanusa, akatafuta nywele, akaangalia kinyesi.

Kinyesi ndicho kinachosema mengi. Gorila hujisaidia ndani ya lalo au ukingoni mwake, na ukubwa wa bonge huenda sambamba na ukubwa wa mwili. Fundi hutoa rula au kaliperi na kupima kipenyo. Kwa vipimo vilivyozoeleka katika sensa za gorila wa milimani, ambao ni ndugu wa karibu wa hawa wa Grauer, bonge lenye kipenyo kinachozidi sentimita 7.2 ni la dume mwenye mgongo wa fedha, na mara nyingi nywele nyeupe zilizonasa kwenye majani huthibitisha hivyo. Kati ya sentimita 5.5 na 7.2 ni la jike mzima au dume ambaye bado mgongo wake ni mweusi. Chini ya hapo ni la kijana. Bonge dogo likikutwa ndani ya lalo moja na bonge la wastani, hapo alilala mama na mtoto wake. Kwa hiyo mtu aliyepiga magoti kwenye tope kwa nusu saa, akizunguka malalo manane au tisa, huinuka akiwa na familia nzima katika daftari lake: baba, mama wangapi, wachanga wangapi. Mimi naiona kazi hiyo kuwa miongoni mwa kazi za heshima kubwa zinazofanywa katika milima yetu, ingawa jina la aliyeshika rula hutajwa kwa nadra.

Namna ya kuyafikia malalo hutegemea ardhi. Sehemu ya juu ya hifadhi, ambako Mlima Kahuzi wenyewe hufikia mita 3,308, ina eneo la kama kilomita za mraba 600, kwa hiyo timu huweza kuipitia karibu yote, zikitembea sambamba na kufuata kila njia mbichi ya gorila hadi kwenye malalo, na hujitahidi kupata malalo ya usiku zaidi ya mmoja wa kundi lilelile, ili aliyekosekana leo apatikane katika lalo la jana au la juzi. Hapa wapisteri, wengi wao Batwa ambao wazee wao waliishi ndani ya msitu huu kabla ya kuondolewa katika miaka ya 1970, huona katika tawi lililovunjika saa ambazo zimepita tangu livunjwe. Elimu hiyo haikutoka katika semina yoyote, na nadhani hatujawalipa wenyewe inavyostahili.

Sehemu ya tambarare ni jambo jingine. Hifadhi nzima ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 6,000, na sehemu hiyo ya chini haiwezi kupitiwa yote. Huko hutumika mistari iliyopangwa kwenye ramani kabla ya safari. Timu hukaa tereni, yaani kazini msituni, wiki kadhaa, ikibeba unga wa muhogo, ndagala, chumvi na maturubali mgongoni, ikimtanguliza mwenye panga na dira. Sharti kuu ni kwamba mstari haukwepi kitu: ukipita kwenye kinamasi, timu hupita kwenye kinamasi, kwa sababu wakifuata njia rahisi watahesabu wanyama wa penye njia rahisi tu. Kila lalo likionekana, fundi hupima kwa futi kamba umbali wake kutoka kwenye mstari kwa pembe mraba, huandika nambari za GPS, hukadiria lilipofikia katika kuoza, kisha timu husonga mbele. Umbali huo ndio unaowawezesha wachambuzi kukadiria malalo mangapi yalikuwepo bila kuonekana, maana kadiri lalo linavyokaa mbali na mstari ndivyo linavyozidi kujificha.

Ugumu mkubwa uko katika kuoza huko. Lalo huonekana kwa wiki nyingi baada ya mwenyewe kuondoka, kwa hiyo malalo msituni ni mengi kuliko gorila, na ili kupata gorila ni lazima ugawanye idadi ya malalo kwa siku ambazo lalo hudumu. Tuchukue mfano wa kubuni: timu imekuta malalo 900. Ikiwa lalo hudumu siku 90, hao ni gorila 10. Ikiwa hudumu siku 60, ni gorila 15. Msitu ni uleule na malalo ni yaleyale, lakini gorila watano wameongezeka kwa sababu ya mvua, mwinuko na aina ya majani tu, kwa kuwa lalo la matawi magumu hudumu kuliko lile la majani mororo. Ndiyo maana hutumwa watu kutia alama malalo mapya na kuyarudia tena na tena mpaka yapotee, kazi ya miezi isiyo na picha nzuri ya kuonyesha wageni.

Njia nyingine ni kuchukua kipande cha kinyesi, kukitia katika etanoli na baadaye kukikausha kwa chembe za silika, ili maabara isome vinasaba na kumtambua kila gorila. Njia hii imeyasahihisha malalo yenyewe. Huko Bwindi, Uganda, sensa ya mwaka 2006 ilihesabu gorila 336 kwa kutumia malalo, lakini vinasaba vikaonyesha kuwa walikuwa 302, kwa sababu baadhi yao walitengeneza malalo zaidi ya moja kwa usiku mmoja.

Hesabu ya 16,900 nayo ilikuja na nafasi pana ya kukosea, kuanzia karibu 8,700 hadi karibu 25,500. Hata hivyo anguko lililofuata lilikuwa kubwa mno kuweza kuelezwa kwa makosa ya hesabu, kwani vita vilisambaza silaha na wachimbaji wa madini ya koltani waliojaa msituni walikula nyama ya porini. Lakini kupanda kutoka 3,800 hadi 6,800 ni habari tofauti. Gorila jike huzaa mtoto mmoja kila baada ya miaka minne au zaidi, na baadhi ya watoto hao hawafikii utu uzima, kwa hiyo katika miaka mitano hakuna namna ambayo gorila 3,000 wangezaliwa na kukua. Walikuwepo tayari mwaka 2016, wakitandika malalo yao kila jioni katika misitu ambayo hakuna mtu mwenye futi kamba na daftari aliyekuwa ameweza kuifikia.