Draiva ni nini, na kwa nini laptopu mpya hukataa kupigwa Windows

Draiva ni programu ndogo inayoielekeza Windows namna ya kuzungumza na kifaa fulani kilichomo ndani ya kompyuta. Kadi ya waifai ina draiva yake, sauti ina yake, kioo kina yake, na diski nayo ina yake, ingawa wengi hawaikumbuki mpaka siku inapokosekana. Kifaa kisicho na draiva kinapata umeme na ni kizima kabisa, ila Windows haijui kukitumia, na pengine haijui hata kama kipo.

Meli kubwa ikifika nje ya ghuba ya Tanga, nahodha husubiri rubani wa bandari apande, hata kama nahodha huyo ameshazunguka dunia nzima. Rubani ndiye anayejua mkondo, kina na miamba ya hapa. Windows ni nahodha, draiva ni rubani. Wengi wanaolalamikia mashine mpya wanalaumu meli au wanalaumu bandari, kumbe aliyekosekana ni rubani.

Chukua kisa kinachojirudia kwa mafundi wa Ngamiani hapa Tanga, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba. Mwalimu amenunua laptopu mpya Dar es Salaam, imeshuka na basi hadi stendi ya Kange, nailoni ya kiwandani bado haijabanduliwa kwenye kioo. Anataka ipigwe Windows upya. Sababu zipo nyingi na nyingine ni za msingi: imekuja na lugha asiyoielewa, imejazwa programu za majaribio zinazodai malipo kila inapowashwa, au imeuzwa bila Windows kabisa ili bei ishuke. Fundi anachomeka flashi ile ile iliyomfanyia kazi kwenye mashine nyingi tu. Setapu, yaani programu ya kuiweka Windows, inaanza vizuri, anakubali masharti, anafika kwenye ukurasa wa kuchagua diski. Ukurasa ni mweupe. Hakuna diski hata moja.

“Fundi, si ilikuwa inawaka vizuri asubuhi?”

“Ilikuwa inawaka, Mwalimu. Sasa diski haionekani.”

Wote wawili wanasema kweli, na ndiyo maana jambo hili linaleta ugomvi. Hapo ndipo mfuniko wa chini unafunguliwa, garantii inahatarishwa, na mteja anaambiwa atafute diski nyingine. Inaniuma, kwa sababu mara nyingi diski ile ni nzima.

Kinachotokea ni hiki. Kuanzia prosesa za Intel Core za kizazi cha 11, zilizotoka mwaka 2020, laptopu nyingi hutoka kiwandani zikiwa na mpangilio uitwao VMD umewashwa. Mpangilio huo unaiweka diski ya NVMe, yaani ile diski ya kisasa yenye kasi, nyuma ya kidhibiti cha Intel, kwa hiyo anayetaka kuifikia lazima apitie kwa kidhibiti kwanza. Kidhibiti hicho kina draiva yake, na flashi nyingi za Windows hazina draiva hiyo. Kiwanda kiliiweka kabla ya kufunga boksi, ndiyo maana mashine iliwaka vizuri asubuhi. Flashi ya fundi haikuja nayo, ndiyo maana mchana diski “imepotea”.

Njia ya kwanza ya kutoka hapo ni kuipa setapu draiva inayoikosa. Ingia kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu yako, andika modeli kamili iliyo kwenye kibandiko cha chini, kisha tafuta draiva ya diski iitwayo Intel Rapid Storage Technology, kwa kifupi RST. Hapa watu wengi wanakwama kwa jambo dogo: wanapakua faili moja linaloishia na .exe, wanaliweka kwenye flashi, setapu inalipita kama halipo. Setapu inasoma mafaili yanayoishia na .inf pamoja na wenzake, kwa hiyo lile faili lazima lifunguliwe kwanza kwenye kompyuta nyingine. Kama ulichopakua ni SetupRST.exe ya Intel, fungua dirisha la amri kwenye folda yake na uandike hivi:

SetupRST.exe -extractdrivers C:\rst

Ndani ya folda hiyo utaliona faili la iaStorVD.inf. Hamishia folda nzima kwenye flashi, usichomoe faili moja ukaacha mengine. Ukirudi kwenye ule ukurasa mweupe, bonyeza palipoandikwa Load driver, elekeza kwenye folda, chagua jina linalotaja VMD, subiri kidogo. Diski inatokea na ukubwa wake wote. Yule aliyekuwa ameshakata tamaa anaona kwa macho yake kwamba hakuna kilichoungua.

Njia ya pili ni kuingia kwenye BIOS, ile mipangilio ya msingi ya mashine inayofunguka kabla ya Windows, na kuizima VMD yenyewe. Ni ya haraka, na kama umeshaamua kufuta kila kitu haina ubaya. Lakini kama ndani kuna Windows inayofanya kazi na unaitaka, usiguse hapo. Windows ile ilizoea kupita kwa kidhibiti. Ukikiondoa itashindwa kuwaka na kukuletea skrini ya bluu yenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Ikikutokea usifute chochote. Rudi BIOS, iwashe VMD kama ilivyokuwa, na kwa kawaida mashine itaamka. Laptopu za AMD hazina VMD, kwa hiyo anayetafuta neno hilo kwenye BIOS ya AMD anapoteza muda wake.

Kuna hatari nyingine kwenye njia hii ya pili, na ni kubwa kuliko skrini ya bluu. Laptopu nyingi mpya zenye Windows 11 hufunga diski kwa usimbaji, yaani data haisomeki bila ufunguo, mara tu mwenye mashine anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, hata kama hakuomba. Ukibadilisha mipangilio fulani ya BIOS, mashine inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya aliyeiwasha mashine mara ya kwanza. Kama aliyeiwasha ni kijana wa dukani kwa barua pepe yake, utapata taabu kweli. Muulize mteja kabla ya kugusa BIOS, na mwenye mafaili ya maana ayatoe kwanza.

Wapo pia wanaotaka Windows 7 kwenye mashine ya leo, hasa kwa sababu ya programu ya zamani ya mahesabu dukani au ofisini. Windows 7 ilitoka mwaka 2009. Flashi yake ya asili haina draiva ya USB 3 wala ya diski za NVMe. Ndiyo maana setapu huanza vizuri kisha kibodi na mausi vinakufa kwenye ukurasa wa kwanza: mwanzoni BIOS ndiyo iliyokuwa inavisoma, halafu Windows imeshika usukani bila draiva ya matundu yale. Wako wanaoifanyia ukarabati flashi hiyo hadi ikubali, lakini mimi simshauri mtu. Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020, na ukishamaliza kuiweka utahangaika na draiva za kioo na waifai ambazo watengenezaji hawakuziandika kwa ajili yake. Ni nafuu kuiendesha programu ile ya zamani ndani ya kompyuta ya kubuni (virtual machine), yaani kompyuta inayoigizwa na programu, iliyowekwa juu ya Windows mpya.

Tuseme diski imeonekana na Windows imeingia. Kikwazo kinachofuata ni waifai. Windows 11 hudai intaneti kabla haijakufikisha kwenye eneo la kazi, na kadi ya waifai ikiwa mpya kuliko flashi yako, orodha ya mitandao itabaki tupu. Unahitaji intaneti ili upate draiva, na unahitaji draiva ili upate intaneti. Chukua simu ya Android, iunganishe kwa waya wa USB, kisha kwenye mipangilio ya simu washa kugawa intaneti kwa USB. Draiva ya njia hiyo Windows inayo tayari. Laptopu itaiona simu kama mtandao wa waya na setapu itaendelea. Ukishafika ndani, Windows Update itakuletea draiva ya waifai na nyingine nyingi. Angalia tu bando lako, maana masasisho mengine yatashuka humo humo bila kukuuliza.

Taabu hii yote ina kinga, na inafanyika kabla ya kufuta chochote, wakati Windows ya kiwandani bado inawaka. Tengeneza folda iitwayo draiva kwenye flashi. Fungua dirisha la amri kama msimamizi wa mashine. Ikiwa flashi yako imepewa herufi E, andika:

pnputil /export-driver * E:\draiva

Mistari itapita kwenye kioo, kila mmoja ukitaja draiva iliyonakiliwa. Unachobaki nacho ni nakala ya draiva zote ambazo kiwanda kiliongeza juu ya Windows, na ile ya diski ikiwemo. Folda hiyo unaielekeza kwenye Load driver wakati wa setapu, na unaitumia tena baadaye kwa waifai, sauti na kioo, bila kutumia bando. Laptopu iliyouzwa bila Windows haikupi nafasi hii. Hapo hakuna njia ila kuomba kompyuta nyingine na kupakua kila kitu mapema.

Si kila kukataa ni kwa sababu ya draiva. Diski ikionekana lakini setapu ikasema haiwezi kuingia kwa sababu mpangilio wake ni GPT, yaani mtindo mpya wa kuigawa diski, flashi imewashwa kwa mtindo wa zamani: zima, ingia kwenye menyu ya kuwasha, chagua jina la flashi lenye UEFI, yaani mtindo mpya wa kuwasha, mbele yake. Faili kuu la Windows likigoma kunakiliwa kwenye flashi, huenda limezidi GB 4, kiasi ambacho faili moja haliruhusiwi kuvuka kwenye flashi iliyopangwa kwa mtindo uitwao FAT32. Na leseni isikutie hofu. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, mashine zinazouzwa na Windows huwa na namba ya leseni ndani ya ubao wake mkuu. Ukirudisha toleo lile lile, Home kwa Home, itajithibitisha yenyewe ikipata intaneti. Ukiweka Pro mahali pa Home, namba ile haitatosha.

Mwisho kabisa, fungua Device Manager, ile orodha ya vifaa vya mashine ndani ya Windows, uone kama kuna kifaa chenye pembetatu ya njano. Usikimbilie tovuti zinazoahidi draiva zote kwa mbofyo mmoja. Nyingi zinakuletea na takataka zao. Bonyeza kifaa hicho mara mbili, nenda kwenye Details, chagua Hardware Ids, kisha soma herufi zinazofuata baada ya VEN. 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek, 14C3 ni MediaTek, 1022 ni AMD. Ukishajua aliyekitengeneza, rudi kwenye ukurasa wa modeli ya laptopu yako na uchukue draiva yenye jina hilo. Zikiwa mbili za waifai na hujui ipi ni yako, namba hiyo ndiyo itakayokuamulia.