Umeme ulivyoubadili mkono wa mpiga bluzi

Wanafunzi ninaowafundisha gitaa huamini kwamba bluzi, ule muziki wa Wamarekani weusi, ya Chicago ni ile ile ya Mississippi, ila imeongezwa sauti. Siafikiani nao, kwa kuwa umeme ulibadili hata namna mkono unavyofanya kazi juu ya nyuzi, na ushahidi ulio wazi zaidi tunao katika rekodi za mtu mmoja, McKinley Morganfield, anayejulikana zaidi kwa jina la Muddy Waters.

Muddy alikulia katika shamba la pamba la Stovall, karibu na mji wa Clarksdale, Mississippi, ambako Wamarekani weusi walilima kwa mkataba wa kugawana mavuno na mwenye shamba, mkataba uliowaacha wengi wao na madeni. Kwenye dansi za Jumamosi usiku, mpiga gitaa mmoja aliweza kuwa bendi nzima: dole gumba lilishika besi, vidole vingine vilijibu uimbaji, na mguu ulipiga mapigo sakafuni. Kutoka kwa mpiga bluzi Son House alijifunza kutelezesha shingo ya chupa juu ya nyuzi, mbinu inayofikia sauti zilizo katikati ya noti mbili, na ndiyo inayolifanya gitaa lilie kama mtu. Msomaji aliyezoea mashairi yetu atautambua upesi ubeti wa bluzi, kwani kwa kawaida una mishororo mitatu: wa kwanza hurudiwa, kisha wa tatu hutoa jibu.

Mnamo Agosti 1941, Alan Lomax wa Maktaba ya Bunge la Marekani na John Work wa Chuo Kikuu cha Fisk walimrekodi Muddy huko huko shambani. Mwaka 1943 alihamia Chicago, kama walivyofanya maelfu kwa maelfu ya watu weusi waliokuwa wakiikimbia Kusini mwa Marekani. Katika baa za mji ule, zenye kelele za walevi, gitaa kavu, lisilo la umeme, halikusikika, naye akachukua la umeme.

Mwaka 1948 alitoa santuri ambayo nyimbo zake zote mbili, upande huu na ule, zilitokana na zile alizorekodi shambani mwaka 1941. Wakati huu alisindikizwa na besi ya Ernest Crawford peke yake. Ukizisikiliza kwa kufuatanisha, utaona kwamba noti ya gitaa kavu hufifia mapema, hivyo mpigaji hulazimika kuijaza nafasi kwa noti nyingine, ilhali noti iliyopitia amplifaya hudumu, na Muddy anaweza kuupiga uzi mmoja, akauacha uning'inie, akaimba juu yake. Kwa maoni yangu, ukimya huo kati ya noti ndio uvumbuzi wake mkubwa kuliko sauti kubwa inayosifiwa kila mahali.

Besi na mapigo vilipopata wenyewe, dole gumba likapumzika. Jimmy Rogers alishika gitaa la pili, Otis Spann akaja na piano, na Little Walter akaifumbata hamonika pamoja na maikrofoni katika viganja vyake, akaipitisha kwenye amplifaya hadi sauti ikakwaruza na kunenepa mithili ya saksafoni. Kibao chake cha ala tupu cha mwaka 1952, "Juke", kilikaa kileleni mwa chati ya muziki wa watu weusi kwa wiki nane. Mwaka 1954 mtunzi Willie Dixon alimwandikia Muddy "Hoochie Coochie Man", ambamo bendi nzima hupiga pigo fupi na kunyamaza ili mwimbaji aseme peke yake.

Muddy alipozuru Uingereza mwaka 1958, baadhi ya wapenzi wa bluzi waliotarajia gitaa kavu la shambani walikerwa na makelele yake. Vijana wengine wa huko waliyapenda mno: kundi la Rolling Stones lilijiita kwa jina la wimbo wa Muddy wa mwaka 1950, na mwaka 1964 likasafiri hadi Chicago kurekodi katika studio za Chess, kampuni iliyotoa santuri za Muddy.