Kikundi chenu na marafiki wa ng'ambo: anzeni na dagaa, pasipoti baadaye

Vijana wakija kwenye dawati letu na wazo la mradi wa urafiki na wenzao wa nje, karatasi ya kwanza huwa ni bajeti ya tiketi za ndege. Ya pili ni orodha ya mahitaji: kompyuta mpakato, jezi, mipira. Ukiwauliza hao marafiki wanaishije, wanapenda nini, wanaanza kutazamana. Hapo ujue umeletewa ombi la msaada lililovaa kanzu ya urafiki.

Tanga si mgeni wa mambo haya. Uhusiano wetu na Eckernförde, mji mdogo wa kaskazini mwa Ujerumani, ni wa tangu miaka ya 1960, wazazi wa wengi wenu hawajazaliwa. Toledo, katika jimbo la Ohio, Marekani, nao ni mji dada wetu. Kwa hiyo mlango upo. Ila undugu wa miji huishia kwa wakubwa na hotuba zao kama vijana wenyewe hawana kazi ya kufanya pamoja.

Kazi gani? Nina mfano ninaoupenda kuliko yote. Eckernförde iko ufukweni mwa Bahari ya Baltiki, na sifa yake ya zamani ni visamaki vidogo, si mbali na dagaa wetu, vinavyokaushwa kwa moshi. Vinaingia tanurini vikiwa vyeupe vya kung'aa kama madini ya fedha, vinatoka na rangi ya dhahabu. Wenyewe wana msemo kwamba Eckernförde wanajua kugeuza fedha kuwa dhahabu. Sasa mpelekeni kijana wenu soko la samaki la Deep Sea alfajiri, na daftari mkononi. Aulize ndoo ya dagaa leo bei gani, na juzi ilikuwa bei gani. Nani anamkopesha mwenye boti mafuta, na analipwa kwa pesa au kwa samaki? Kuni za kubanikia zinatoka wapi? Kwa nini mwezi ukiwa mpevu dagaa wanaadimika? Hili la mwisho kijana wa Ngamiani hapa Tanga anaweza kudhani kila mtu analijua, kumbe mwenzake wa Ujerumani hajawahi kusikia kwamba dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka taa haina kazi.

Picha kumi na sauti ya dakika mbili kwa kila swali zinatosha. Wenzenu nao waende kwenye matanuri ya kwao wafanye vivyo hivyo, kisha mbadilishane. Gharama ni nauli ya daladala na bando. Hapo hakuna mfadhili wala mfadhiliwa. Wote mna kitu mkononi, na maswali ya mzunguko wa pili yatajileta yenyewe.

Halafu kuna saa, jambo dogo linaloumiza. Niliwahi kulea kikundi kilichopanga mazungumzo ya kwanza ya video na Wajerumani. Ujumbe ulikuja: Jumamosi, 10:00. Wetu wakasoma saa kumi. Wakaja jioni nguo zimepigwa pasi, mmoja kabeba mkate wa kumimina kwenye sahani iliyofunikwa, eti wenzao wauone. Skrini kimya. Wale walikuwa wamekaa tangu saa tano asubuhi kwa saa zetu, wakasubiri, wakaenda zao. Kosa lilikuwa langu, mlezi. Tangu siku hiyo kila miadi naandika mara mbili: saa kumi jioni Tanga, 15:00 kwao. Na hiyo 15:00 ni ya majira yao ya joto tu. Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanarudisha saa nyuma, saa kumi yetu inakuwa 14:00 yao, mpaka Jumapili ya mwisho ya Machi. Wakati huohuo tazameni kalenda. Likizo yao kubwa huchukua kama wiki sita na kila jimbo lina tarehe zake, na yetu ya Juni haikutani nayo vizuri. Ramadhani nayo huwahi kwa siku kama 11 kila mwaka, msije mkapanga shughuli ya mapishi mchana wa mwezi mtukufu.

Picha za watoto ni suala la sheria. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, hata kama ndiye katibu wenu na ana ndevu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo ipo. Pateni idhini ya mzazi kwa maandishi, ieleze picha itaonekana wapi. Msitume jina kamili, shule na mtaa pamoja. Mama muuza samaki naye aombwe kabla ya kupigwa picha, na akikataa, basi.

Safari ije mwaka wa pili, ikija. Pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000. Viza ya Ulaya ya muda mfupi inadai bima ya safari yenye kinga isiyopungua yuro 30,000 na maelezo ya nani analipa nini. Na mgeni akija kwa viza ya matembezi msimpangie kufundisha shuleni, hata bure, maana kujitolea kuna kibali chake. Waulizeni Uhamiaji mapema. Mjini kwetu tunasema waja leo waondoka leo, kwa utani wa kujua kwamba mgeni hataondoka. Uhamiaji hawana utani huo.

Mkirudi ofisini, nitaomba kwanza daftari la maswali ya sokoni. Bajeti ya tiketi iwekeni nyuma yake.