Je, wajua kwa nini andiko la kuomba saa za sinkrotroni, mtambo mkubwa unaotoa eksirei kali za kupimia sampuli, hukataliwa hata mada yake ikiwa nzito?

Watafiti wengi wanaoanza kazi, hapa Dodoma na kwingineko, huamini kwamba muda wa kufanya majaribio katika sinkrotroni hununuliwa, na kwamba chuo kisicho na fedha nyingi hakina sababu ya kuuliza. Sivyo ilivyo. Sinkrotroni mbili, SESAME, iliyozinduliwa Jordan mwaka 2017, na ESRF, iliyoko Grenoble nchini Ufaransa, hazitozi ada ya kutumia mwali wa eksirei kwa utafiti ambao matokeo yake yatachapishwa wazi. Ni kweli kwamba nauli na malazi vinaweza kumwelemea mwombaji, na kwamba ESRF huzingatia michango ya nchi wanachama inapogawa muda, nayo Tanzania si mojawapo. Hata hivyo, mlango wenyewe ni andiko la kurasa chache linalosomwa na jopo la wataalamu.

Dhana ya pili ni ngumu zaidi kung'oka: kwamba jopo hushawishiwa na uzito wa tatizo. Mwombaji hujaza ukurasa mzima akieleza jinsi wananchi wanavyoathirika, kisha anaitengea mbinu ya upimaji aya moja. Jopo kwa kawaida halibishani kuhusu umuhimu wa maji au madini. Linauliza kama swali hilo haliwezi kujibiwa kwa kifaa cha maabara ya kawaida, na kama saa zilizoombwa zinatosha bila kuzidi.

Sinkrotroni ni pete ambamo elektroni hukimbia karibu na kasi ya mwanga. Katika pete ya SESAME yenye mzingo wa mita 133, huzunguka zaidi ya mara milioni 2 kwa sekunde. Zinapopindwa na sumaku hutoa mwali mkali wa eksirei.

Tuchukue urani iliyomo katika mashapo ya Bahi, magharibi mwa jiji la Dodoma. Kujua kiasi chake hakuhitaji sinkrotroni. Lakini urani yenye hali ya +6, yaani iliyopoteza elektroni sita, huyeyuka katika maji kwa urahisi kuliko ya +4, na tofauti hiyo huonekana eksirei inapokaribia nishati ya elektronivolti 17,166, ambapo mstari wa ufyonzaji, yaani mchoro wa kiasi cha eksirei kinachofyonzwa na sampuli, husogea kidogo sana. Hapo ndipo hoja ya kuomba mwali inapoanza, pamoja na tamko la usalama, kwa kuwa sampuli ni ya mionzi.

Saa ngapi, basi? Mnunuzi katika soko la mahindi la Kibaigwa huchoma gunia kwa bambo ili ajue punje mbovu ni nyingi kiasi gani. Akitoa punje chache, bahati inaweza kumdanganya. Kila anapochoma tena, makadirio yake hutulia, ila hutulia polepole kuliko anavyotazamia. Kigunduzi cha eksirei nacho huchota hivyo: kikihesabu fotoni (chembe za eksirei) 100, shaka ya hesabu ni kama 10, yaani asilimia 10, kikihesabu 10,000, shaka ni kama 100, yaani asilimia 1. Kupunguza shaka mara kumi kunadai muda mara mia, na kuipunguza nusu kunadai muda mara nne. Kwa hiyo andiko lenye nguvu hutaja kwanza usahihi unaohitajika, ndipo lifikie muda: sampuli 10, kila moja ikipimwa mara 4 kwa dakika 30, ni saa 20, ukiongeza saa 4 za kupanga mitambo na kupima sampuli za rejea, unapata zamu 3 za saa nane nane. Msomaji wa jopo anaweza kuikagua hesabu hiyo kwa kalamu, na inastaajabisha jinsi mstari mmoja wa namna hii unavyobeba uzito kuliko aya tatu za utangulizi.

Hesabu hiyo ina mpaka wake. Katika baadhi ya sampuli mwali wenyewe hubadili hali ya kemikali inayopimwa, hivyo saa nyingi juu ya nukta moja huweza kulifuta jibu badala ya kulisafisha. Mwombaji makini hueleza kwamba atahamisha mwali hadi sehemu mpya ya sampuli baada ya kila kipimo, au ataipoza sampuli, na kwamba atalinganisha kipimo cha kwanza na cha mwisho ili mabadiliko yoyote yaonekane.