Kioo kinachobeba hewa: dhana potofu kuhusu madirisha ya anga za juu

Dhana: Ombwe la angani hufyonza kioo na kukitoa nje.

Ukweli: Ombwe halina nguvu ya kufyonza chochote. Kinachosukuma dirisha ni hewa iliyo ndani, ambayo kwa kanieneo cha usawa wa bahari hukandamiza kila mita ya mraba kwa uzito wa takriban tani 10. Dirisha la katikati la Cupola, kibanda cha kutazamia Dunia kilichofungwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga mwaka 2010, lina kipenyo cha sentimita 80. Kwa hiyo hubeba mzigo wa tani 5 hivi, usiku na mchana.

Dhana: Kioo kikiwa kinene, kazi imekwisha.

Ukweli: Hapa ndipo penye hatari hasa, na ndipo wengi wasipopatazama. Kioo hustahimili kukandamizwa, lakini kikivutwa hupasuka kuanzia penye mkwaruzo, hata ule usioonekana kwa macho. Tena unyevu wa hewa hupenya hadi kwenye ncha ya ufa na kukata vifungo vya silika, yaani madini ya mchanga yanayounda kioo, kidogo kidogo, hata ufa ukakua chini ya mzigo uleule ambao kioo kiliubeba jana bila taabu. Ndiyo maana dirisha la Cupola lina matabaka 4: la ndani hupokea mikwaruzo ya mikono na kamera, mawili ya kati, yenye unene wa milimita 25 kila moja, huzuia hewa, moja likiwa akiba ya jingine, na la nje hukinga vipande vinavyoruka angani.

Dhana: Chembe moja ikigonga, dirisha huvunjika.

Ukweli: Mwaka 2016 mwanaanga Tim Peake alipiga picha ya kishimo cha milimita 7 kwenye kioo cha Cupola, kilichochimbwa na chembe ya rangi au chuma isiyozidi sehemu chache za elfu za milimita. Hewa haikuvuja. Ilivuja mwanzoni mwa 2004 kwenye dirisha la Destiny, maabara ya kituo hichohicho, ambalo halikuwa limegongwa na chochote. Pembeni mwake palikuwa na bomba linalopindika la kuzuia ukungu kati ya vioo, na wanaanga waliokuja kutazama Dunia walikuwa wakilishika ili wasielee, mpaka likalegea. Mwanaanga Michael Foale aliligundua baada ya msako wa siku kadhaa.