Seva Yako Inazungumza na Nani? Kuzuia Trafiki Inayotoka kwenye Linux

Seva nyingi za Linux hulindwa mlangoni tu: kinachoingia huchujwa, kinachotoka huachwa huru. Programu hasidi ikishapenya, uhuru huo ndio inaoutegemea kupakua zana zake, kumwaga barua taka kupitia poti 25 na kuhamisha data zako.

Katika iptables, zana ya Linux ya kuchuja trafiki ya mtandao, pakiti zinazoanzia kwenye seva yenyewe hupita mnyororo (orodha ya kanuni) wa OUTPUT. Kanuni husomwa kutoka juu kwenda chini, na ya kwanza kulingana na pakiti ndiyo inayoamua. Kwa hiyo ruhusu kwanza, funga mwisho (lo ni mawasiliano ya seva na yenyewe; poti 53 ni ya DNS, inayotafuta anwani za majina; 123 ni ya kusawazisha saa; 80 na 443 ni za wavuti):

iptables -A OUTPUT -o lo -j ACCEPT
iptables -A OUTPUT -m conntrack --ctstate ESTABLISHED,RELATED -j ACCEPT
iptables -A OUTPUT -p udp --dport 53 -j ACCEPT
iptables -A OUTPUT -p tcp --dport 53 -j ACCEPT
iptables -A OUTPUT -p udp --dport 123 -j ACCEPT
iptables -A OUTPUT -p tcp -m multiport --dports 80,443 -m owner --uid-owner _apt -j ACCEPT
iptables -A OUTPUT -j REJECT

Mstari wa pili, unaoruhusu pakiti za miunganisho iliyokwisha kufunguliwa, ndio unaosahaulika, na ndio unaoumiza. Ukiwa umeingia kwa SSH (njia ya kuendesha seva kwa mbali) bila huo, amri yako inafika lakini jibu halitoki. Skrini inaganda na wewe umejifungia nje. Andika kanuni kwenye faili uzipakie kwa iptables-apply: usipothibitisha ndani ya sekunde 10, hurejesha za zamani.

Mstari wa _apt ni wa Debian na jamaa zake, ambako masasisho hupakuliwa kwa akaunti hiyo. Tunaupendelea sana, maana kuifungulia seva nzima poti 443 ni kumwachia mvamizi njia ileile.

REJECT hapa inafaa kuliko DROP, inayotupa pakiti kimya: programu iliyozuiwa hupata jibu papo hapo badala ya kusubiri hadi muda wake uishe, na kutafuta hitilafu huwa rahisi.

IPv6, toleo jipya la anwani za mtandao, haiguswi na kanuni hizi hata kidogo. Irudie kazi kwa ip6tables, ukiruhusu ICMPv6 (ujumbe wa udhibiti wa IPv6); bila hiyo seva haiwezi kutafuta majirani zake na mawasiliano ya IPv6 hukatika.

Hakikisha kanuni zinabaki baada ya seva kuwashwa upya: netfilter-persistent save. Kama unaendesha Docker, inayoendesha programu ndani ya kontena zilizotengwa, trafiki ya kontena kwa kawaida hupita FORWARD (mnyororo wa pakiti zinazopitishwa tu na seva), si OUTPUT. Kanuni zake ziweke kwenye mnyororo wa DOCKER-USER.