Je, wajua kwa nini mashabiki wa hardcore huchora X mikononi?

Hardcore ni tawi la muziki wa panki (punk rock) lililochipuka Marekani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970: nyimbo za kasi, nyingi hazifiki dakika mbili, zikipigwa na vijana ambao wengi wao walikuwa bado shuleni. Filamu za hali halisi kuhusu vijana hao sasa ni nyingi, na alama moja hujirudia ndani yake: X kubwa nyeusi nyuma ya kiganja. Ukiuliza maana yake, jibu huja upesi. Ni kiapo, utaambiwa. Mwenye X hanywi pombe, havuti sigara, hatumii dawa za kulevya.

Kwa leo, jibu hilo ni sahihi. Kama maelezo ya chanzo, limepindua mambo. Aliyechora X za kwanza mikononi mwa vijana hawa hakuwa mtu aliyeapa kuacha pombe. Alikuwa mfanyakazi wa ukumbi wenye baa, na alichotaka ni kumkumbusha muuza vinywaji: huyu umri wake haujafika, usimuuzie.

Kisa chenyewe ni cha mwaka 1980. Bendi ya vijana wa Washington, Teen Idles, ilipanda basi hadi California kutafuta mahali pa kupiga. Walipofika Mabuhay Gardens, ukumbi wa panki mjini San Francisco, ikaonekana kwamba umri wao hauruhusu kunywa. Kwa mazoea ya kumbi nyingi, hapo safari ingekuwa imekwisha. Badala ya kuwafukuza, wahudumu waliwachora X kubwa kwa wino mweusi, wakawaachia wapige. Tunalijua hili kwa kinywa cha wahusika wenyewe, wakikumbuka miaka mingi baadaye, kwa hiyo maelezo madogomadogo hutofautiana kidogo kutoka simulizi moja hadi nyingine. Kiini chake hakibadiliki.

Kuna jambo hapa ambalo filamu nyingi hulipita. Mpiga besi wa bendi hiyo, Ian MacKaye, alizaliwa Aprili 1962, kwa hiyo alikuwa na miaka 18. California, umri wa kununua pombe ulikuwa 21. Nyumbani kwake Washington, mtu wa miaka 18 aliruhusiwa kununua bia na mvinyo, na sheria hiyo ilidumu hadi 1986. Yaani kijana yuleyule, mkono uleule, alikuwa halali upande mmoja wa nchi na haramu upande mwingine. X ile haikusema lolote kuhusu tabia yake. Ilisema tu yuko jimbo gani.

Waliporudi Washington, vijana hao walilipeleka wazo hilo 9:30 Club, ukumbi uliokuwa umefunguliwa mwaka huohuo. Mantiki yao ilikuwa rahisi. Ukumbi wa namna hiyo huishi kwa mauzo ya kaunta, na leseni ya vileo ndiyo roho yake. Mtoto wa miaka 16 mbele ya jukwaa hanunui bia, na akikutwa nayo mkononi ukumbi unaweza kufungwa. Kwa mwenye ukumbi, kumzuia mlangoni ni kujikinga. Vijana wakasema: tuchoreni, muuza vinywaji atatutambua kwa mbali, na mkimkamata yeyote wetu akinywa, tufungieni kabisa. Walichokuwa wakitafuta ni nafasi ya kusikiliza muziki wa rika lao, uliopigwa na rika lao, ndani ya majengo yaliyojengwa kwa ajili ya watu wazima wanaokunywa.

Sasa, alama ya katazo ilifikaje kuwa alama ya fahari? Fikiria wino wa kupigia kura. Kazi yake ya kiserikali ni ya kushuku: unapakwa kidoleni ili usirudi kupiga kura mara ya pili. Hakuna aliyeubuni ili kukupamba. Lakini siku ya uchaguzi watu huinua kidole hicho, hupiga picha, huwaonyesha majirani, kwa sababu kinachoonekana kwa nje ni kwamba ulikwenda, ulipanga foleni, ulishiriki. Asiyekuwa na wino ndiye anayeulizwa maswali. X ilipita njia hiyohiyo. Kwa mwenye ukumbi ilimaanisha “asiuziwe”. Kwa waliokuwa ndani ilimaanisha “ni mwenzetu, naye aliingia”. Hatua iliyobaki ilikuwa ndogo: mtu aliyefikisha umri, ambaye hakuna anayemlazimisha, achukue kalamu ajichore mwenyewe.

Hatua hiyo ilipata msukumo kutoka kwenye santuri. Teen Idles walivunjika mwishoni mwa 1980, wakatumia akiba ya maonyesho yao kutoa rekodi ya kwanza ya Dischord, lebo ya kutoa muziki waliyoianzisha wenyewe. Jalada lake linaonyesha mikono miwili iliyopishanishwa, imechorwa X. Mwaka uliofuata bendi mpya ya MacKaye, Minor Threat, ikatoa “Straight Edge”, wimbo usiofika dakika moja, ambamo anaeleza kwa nini yeye hahitaji vilevi. Picha ilitangulia, maneno yakafuata, na wasikilizaji wa miji mingine wakavipokea kama kitu kimoja. Huko Boston, na baadaye New York, baadhi ya makundi yakaugeuza wimbo wa mtu mmoja kuwa kanuni ya kundi zima. MacKaye hakupendezwa. Wimbo “Out of Step” uliporekodiwa upya mwaka 1983, maneno yaliongezwa katikati yakisema wazi kwamba hizo si sheria na kwamba hamwamrishi mtu.

Filamu nazo zina mchango wake katika kutuchanganya. The Decline of Western Civilization ya Penelope Spheeris, iliyotoka 1981, ina bendi ya Los Angeles iitwayo X, nayo haihusiani kabisa na alama hii, ilianza 1977. American Hardcore ya 2006 inasimulia nchi nzima, miaka ya 1980 hadi 1986, kwa mwendo wa kasi kama nyimbo zenyewe. Hilo ni haki yake, lakini kwa mwendo huo swali la nani aliruhusiwa kupita mlangoni halipati nafasi linayostahili. Kamera huvutwa na jukwaa, na kwa kweli jukwaa la hardcore linavutia: miili inaruka, kipaza sauti kinapita mikono kumi. Mimi ningependa mtengenezaji mmoja asimame mlangoni usiku kucha.

Anayekaribia zaidi ni Jem Cohen, katika Instrument ya 1999. Aliifuata Fugazi, bendi ya baadaye ya MacKaye, kwa zaidi ya miaka kumi. Bendi hiyo ilishikilia kwamba maonyesho yake yawe wazi kwa watu wa umri wowote, na kiingilio, kwa miaka mingi, kilikuwa kama dola 5. Ombi la 1980 lilikuwa limegeuka sharti.

X yenyewe bado inaishi maisha mawili. Kumbi nyingi za Marekani huwachora vijana mlangoni hadi leo, na mchoraji pengine hajawahi kusikia jina Minor Threat. Karibu naye anaweza kusimama mtu wa miaka 45 aliyejichora nyumbani kwa hiari yake. Wakifika kaunta, muuza vinywaji atawapa wote wawili maji.